Leseni ya dalali wa nyumba hainunuliwi kwa simu

Tangu mwezi uliopita vijana wengi wametuandikia wakiuliza jambo moja: ile kozi ya kuwa ajenti wa nyumba, ni ya kweli ao ni wizi? Tangazo lenyewe sote tumeliona. Kijana amevaa suti, ameshika funguo, nyuma yake kuna ghorofa. Unalipa kwa simu, unasoma wiki mbili, halafu unapewa "leseni ya kimataifa" ya kuuza na kupangisha nyumba popote duniani. Wengine wameshaanza kuchanga. Kuna mmoja wa hapa Kakuma 3 alitaka kuuza simu yake ili alipie masomo ambayo atayasoma kwa hiyo hiyo simu. Tulicheka, lakini si jambo la kucheka.

Jibu letu ni fupi: hakuna leseni ya kimataifa ya kazi hii. Leseni ya wakala wa nyumba inatolewa na serikali ya mahali, na inafanya kazi mahali hapo tu. Huko Marekani hata si nchi nzima inayoitoa, ni kila jimbo kivyake. Mwenye leseni ya Texas akihamia Ohio hawezi kuuza nyumba kule kwa karatasi ile ile mpaka afuate taratibu za Ohio. Sasa wewe uliye Kakuma, Nakivale ama Nyarugusu, leseni ya "dunia nzima" umepewa na nani?

Hatukuishia hapo, maana tukiishia hapo tutakuwa kama wale wakubwa wetu wanaosema "acheni ndoto" kisha wanaenda zao. Kazi yenyewe ni ya kweli. Vijana wengi wetu tayari wanaifanya bila kuipa jina. Kule Bukavu, Uvira na Goma mtu huyu tunamwita komisioneri, Bujumbura vilevile. Waswahili wa hapa wanasema dalali. Familia inatoka kambini kwenda Nairobi kwa matibabu ama kwa masomo ya mtoto, haijui mji, haijui lugha vizuri, haijui Kayole iko upande gani na Kasarani upande gani. Inampigia simu kijana wa kwao aliyetangulia. Huyo kijana anazunguka juani, anaongea na msimamizi wa ploti, anauliza maji yanakuja siku ngapi kwa wiki, stima ni ya mita ama ya kugawana, halafu anapewa kitu kidogo. Huyo ni dalali wa nyumba, hata kama kwenye fomu ya mradi anajiandika "hana kazi".

Na hapo ndipo shida inaanzia. Sheria ya Kenya ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, imekuwepo tangu 1984. Inasema mtu asifanye kazi ya wakala bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala. Wengi wanafikiri sheria hiyo ni ya wale wanaouza majumba ya mamilioni kule Karen. Hapana. Kukutanisha mwenye nyumba na mpangaji kwa malipo nayo imo ndani. Chumba kimoja cha mabati kimo. Kwa hiyo kijana wetu anayemtafutia mama wa watu bedsita anavunja sheria bila kujua, na akishikwa kuna faini ama kifungo. Kwa Mkenya hilo ni tatizo. Kwa mkimbizi ni tatizo mara mbili, maana kila kesi kwetu inaleta hofu ya makaratasi.

Tuchukue mfano wa hesabu, maana hesabu inaongea vizuri kuliko sisi. Tuseme chumba ni 6,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka mwezi wa kwanza na dipoziti ya mwezi mmoja, tayari ni 12,000. Dalali anataka nusu ya kodi, 3,000. Kabla ya hapo amekuonyesha vyumba vinne, na kila kimoja ulilipa 500 ya kuonyeshwa, ni 2,000. Jumla 17,000, na godoro bado hujanunua. Mtu anayeishi kwa insentivu ya kambini anajua hizo ni pesa za miezi mingapi. Ni akiba, ni pesa ya ndugu aliyetuma kutoka nje, ni mbuzi aliyeuzwa.

Mama mmoja mwenye watoto wanne alilipa pesa kama hizo kwa kijana wa jamii yetu. Siku ya kuhamia wakakuta chumba kina watu, wamekaa humo mwaka mzima. Kijana naye alikuwa amedanganywa na mtu aliyejiita msimamizi wa ploti, aliyempa funguo ya bandia na kuzima simu. Watu wa jumuiya wakamwita mwizi. Mama hakwenda polisi, alisema ataeleza nini na risiti hana. Kijana naye hakwenda, kwa sababu angeanza kwa kukiri kwamba anafanya udalali bila kibali. Yule aliyekula pesa ndiye peke yake aliyelala vizuri usiku huo.

Ukiiangalia kesi ile utaona leseni ni ya nini. Wengi wetu tunafikiri leseni ni karatasi ya kukusumbua, serikali ipate ada. Ni kweli ada ipo. Lakini wakala aliyesajiliwa ana namba yake, na Bodi ina orodha ambayo mtu anaweza kuulizia jina lake. Pesa ya mteja haitakiwi kuchanganywa na pesa yake ya sukari. Akikula dipoziti yako, kuna mahali pa kumshtaki zaidi ya kumlaani kanisani, na anaweza kufutwa kwenye orodha akose kazi. Upande wa pili, yeye mwenyewe akinyimwa malipo yake anaweza kudai. Dalali asiye na usajili akidhulumiwa na mwenye nyumba, ataenda mahakamani kudai nini, kwa kazi ambayo sheria inasema hakuruhusiwa kuifanya?

Basi mkimbizi anaweza kuipata hiyo leseni ao hawezi?

Kwenye karatasi mlango haukufungwa. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, kifungu cha 28, inasema mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ama biashara, peke yake au kwa kikundi, na kufanya taaluma yake pale ambapo ana sifa zinazotambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Hayo maneno ya mwisho, "sifa zinazotambuliwa", yasomeni mara mbili. Haki tumepewa, lakini imefungwa kamba kwenye vyeti, na Bodi haisajili mtu kwa sababu anajua kuongea na wenye ploti. Inataka elimu ya chuo inayohusu ardhi na majengo ambayo yenyewe inaikubali, inataka uzoefu wa kazi baada ya masomo, na inataka mwenendo wako uwe safi. Ndiyo masomo kama yale ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kinayaita Uchumi wa Ardhi. Hakuna wiki mbili hapo. Ukihesabu kuanzia leo mpaka siku ya kusajiliwa, ni miaka, na ya kutosha.

Kabla ya chuo kuna kikwazo kingine ambacho kimewaangusha wengi wa Kongo na Burundi. Sisi tunamaliza sekondari na kupewa kile tunachokiita diploma ya Etat. Kijana anafika kwenye ofisi ya Kenya anasema "nina diploma". Hapa diploma ni cheti cha chuo, baada ya sekondari. Anayekusikiliza anafikiri umesoma chuo, anaangalia karatasi, anaona ni sekondari, anakuona mwongo. Wewe unatoka umeudhika, unasema Wakenya wanatubagua. Mara nyingine ni ubaguzi kweli, lakini siku hiyo lilikuwa neno tu. Sema "cheti cha sekondari", kisha peleka kikatafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayekubalika, kisha omba Baraza la Mitihani la Kenya likilinganishe na cha hapa. Fanya hiyo hata kama hujui utasomea nini. Karatasi ya ulinganisho itakufaa kwa ualimu, kwa uuguzi, kwa chochote. Waliokimbia bila cheti, na ni wengi, hao wana safari ndefu zaidi na hatutawadanganya. Kwa baadhi yao njia ni kukaa darasani tena na kufanya mtihani wa hapa, na aibu ya kukaa na watoto inaisha wiki ya pili.

Sasa ngoja tuwaambie kitu kinachotuuma. Ndugu zetu waliokwenda Marekani, kwa mfano waliofika Texas, wanaweza kupata leseni ya kuuza nyumba kwa masomo ya saa 180. Saa, si miaka. Hawaulizwi digrii. Unatakiwa uwe umefika miaka 18, uwe raia ama mtu aliyeingia kihalali, na mkimbizi aliyepelekwa kule ameingia kihalali. Unatoa alama za vidole, wanaangalia historia yako, unafanya mtihani, na ukishapita lazima uwe chini ya broka mwenye leseni ya juu anayekusimamia, huruhusiwi kujiendea mwenyewe. Yule yule kijana wa bloku yetu, kwa kichwa kile kile, kule angeweza kumaliza masomo ndani ya miezi michache huku akifanya kazi ya usiku kiwandani. Hapa Kenya anaambiwa aanzie chuo.

Hatusemi Texas ni mbinguni. Mtihani ni wa Kiingereza cha sheria, na kupata leseni si kupata wateja. Ila ukiangalia namna walivyopanga, kuna daraja la kuanzia na daraja la juu, na wa chini anasimamiwa na wa juu. Mtu anaingia kwenye kazi akiwa bado anajifunza, na kuna mkubwa anayebeba dhamana. Hapa kwetu kati ya dalali wa barabarani na wakala aliyesajiliwa kuna bonde, na hakuna daraja la kulivuka. Matokeo yake barabara imejaa watu wasiosajiliwa, Wakenya na sisi, na sheria inabaki kwenye kabati. Tunaona Kenya ingefanya vizuri kuwa na ngazi ya chini, ya wasaidizi wa mawakala, yenye masomo mafupi na mtihani, iwe wazi kwa mwenye cheti cha sekondari. Isiwe ya wakimbizi peke yetu. Vijana wa Turkana nao wanaihitaji, na vijana wa Githurai pia. Kitu kikiombwa kwa jina la wakimbizi tu, kinapata maadui kabla hakijazaliwa.

Kuna watakaouliza, kwa nini kusumbuka na nyumba za Nairobi wakati sisi tuko kambini na kutoka mpaka kibali cha kusafiri? Tunawajibu hivi. Angalieni hapa hapa. Sote tunajua nini kinatokea familia ikipata safari ya nchi ya tatu: wiki hiyo hiyo kunapita maneno bloku nzima kwamba nyumba "inaachwa", na kuna mtu katikati anayepatanisha bei. Hakuna hati, kwa sababu ardhi si yetu, na nyumba ya kambi hairuhusiwi kuuzwa. Anayenunua ananunua mlango na mabati na maneno matupu. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa, hatuwasengenyi, ninyi pia mnajua. Vibanda vya sokoni ni vivyo hivyo, vinapangishwa na kupangishwa tena, mpaka mwenye duka hajui hasa mwenye kibanda ni nani.

Na mwaka 2025 serikali imezindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza Kakuma na Dadaab kutoka kambi kuwa makazi ya kuishi pamoja na wenyeji. Utaenda haraka ama polepole, hilo tuwaachie wenye vikao. Lakini mahali pakigeuka mji, kitu cha kwanza kinachopata bei ni kiwanja na fremu ya duka. Katiba ya Kenya, ibara ya 65, inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Yaani mkataba wa kukodi ndiyo karatasi kubwa kabisa ambayo wengi wetu tutawahi kuisaini hapa. Nani ataielewa? Nani atamweleza mzee wa Kisomali mwenye duka, na mama wa Sudan Kusini mwenye hoteli, na familia ya Kiturkana ambayo ardhi ni ya jamii yake na inaogopa kudhulumiwa? Ama watakuja watu kutoka Nairobi na briefkesi, ama watakuwa vijana waliokulia hapa, wanaojua Kiturkana, Kisomali, Kidinka, Kirundi na Kiswahili, na wana karatasi. Lugha tayari tunazo. Karatasi ndiyo hatuna.

Kwa hiyo tunayo maneno kwa mashirika, na tunayasema kwa heshima kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi nanyi. Mmetufundisha sabuni. Mmetufundisha ushonaji, saluni, kuku, na kompyuta ya kufungua na kufunga. Kuna bloku zina washonaji wengi kuliko nguo. Lakini hatujawahi kuona darasa hata moja la usimamizi wa nyumba: namna ya kusoma mkataba, kutunza pesa ya mwingine, kuandika orodha ya vitu vya chumba kabla mtu hajaingia, kuhesabu maji na stima kwa wapangaji kumi. Na ninyi wenyewe mnapanga nyumba na ofisi Lodwar na Nairobi, mna watu wa kufuatilia mikataba hiyo. Mchukueni kijana mmoja akae karibu na huyo mtu miezi sita. Wale wanaogawa nafasi za DAFI, mtoto akiandika anataka kusomea mambo ya ardhi na majengo, msimwone kama amepotea njia kwa sababu hakuandika uuguzi.

Kwa vijana wenzetu tuna maneno magumu kidogo. Kama umeshalipia ile kozi ya wiki mbili, omba pesa yako kabla mwezi haujaisha, na umuulize muuzaji swali moja tu: hii leseni inatambuliwa na bodi gani, ya nchi gani, na namba ya usajili iko wapi? Akianza kukutumia picha za suti, umepata jibu. Kozi za bure za kujifunza lugha ya kazi hii hatuzikatazi, somo ni somo. Ila cheti cha kumaliza somo na leseni ya kufanya kazi ni vitu viwili. Mtu akikuuzia kimoja kwa jina la kingine, anakuibia.

Kama uko Nairobi na tayari unafanya udalali, usituambie utaacha kesho, tunajua watoto wanakula. Lakini tafuta wakala aliyesajiliwa na uombe kufanya kazi chini yake, hata kama ni ya kuzunguka tu na kupeleka wateja. Yeye ndiye mwenye jina kwa Bodi, yeye ndiye apokee pesa, na wewe upate sehemu yako kwa makubaliano ya maandishi. Utapata kidogo kuliko ukiwa peke yako. Pia utajifunza vitu ambavyo barabara haifundishi, na siku ukiomba chuo ama kazi kuna mtu atakayeandika barua kukuhusu. Na zile 500 za kuonyesha nyumba, jamani. Kumtoza mtu wa kwenu, aliyeshuka basi jana usiku, 500 ili aone chumba ambacho unajua hakina choo, hiyo hata ukiwa na leseni kumi ni kazi ya aibu.

Wasio na nia ya udalali lakini watapanga nyumba, na hao ni karibu sisi wote, shikeni haya tu. Usitoe dipoziti kabla hujaingia ndani ya chumba na kuzungusha ufunguo mwenyewe. Ongea na majirani wa ploti, waulize mwenye nyumba ni nani na kodi inalipwa kwa namba ipi, ulinganishe na namba uliyopewa. Lipa kwa simu kwa jina linaloonekana, usilipe mkononi. Na dai karatasi.

Karatasi yenyewe tumeshaianza. Wenzetu wa kujitolea wameandika fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, maana mwenye nyumba akipewa ya Kiswahili cha Kongo anaweza kukataa kusaini. Ina jina la anayelipa na anayepokea, chumba, kodi, dipoziti na itarudishwa lini, nani alipatanisha na alipewa ngapi. Kwa Kifaransa bado, na kwa Kisomali tunatafuta mtu wa kuihakiki kwa sababu ile tafsiri ya kwanza wazee waliisoma wakacheka. Anayeweza kusaidia aandike hapa chini, na anayesafiri kwenda Nairobi wiki hii apitie kwenye chumba chetu cha mikutano achukue nakala mbili, moja ya kwake na moja ya huyo atakayempokea stendi.